Artane haitibu saikosisi: dhana potofu ninazozisikia kila kliniki

Kila siku ya kliniki ya afya ya akili kuna ndugu wa mgonjwa wa saikosisi, yaani ugonjwa wa akili unaomfanya mtu asikie sauti zisizokuwepo au ashuku watu bila sababu, atakayeniambia hivi kwenye dirisha la dawa: "Daktari, tuongezee ile Artane, inamsaidia sana. Hiyo nyingine tumeiacha, inamlegeza." Husemwa kwa upendo, na mama aliyekesha na mwanawe au kaka aliyeomba ruhusa kazini. Lakini hakuna sentensi ninayoiogopa kama hiyo, na nimeisikia mara nyingi mno kuendelea kuijibu mtu mmoja mmoja.

"Artane ndiyo dawa yenyewe"

Siyo, wala haijawahi kuwa. Artane, yaani traihexifenidili au benzheksoli, ilianza kutumika mwaka 1949 kwa ajili ya ugonjwa wa Parkinson. Klopromazini ilianza kutibu saikosisi Paris mwaka 1952, na haloperidoli, dawa nyingine ya saikosisi na mara nyingi ndiyo ile "nyingine" inayoachwa nyumbani, ilitengenezwa Ubelgiji mwaka 1958. Artane ilitangulia dawa zote hizo na haikunyamazisha sauti za mtu yeyote. Iliingia kliniki za akili baadaye, kwa kazi moja tu. Haloperidoli na wenzake huzuia dopamini, kemikali inayopeleka ujumbe ubongoni. Zuio hilo likigusa sehemu ya ubongo inayoongoza mwendo, kemikali mwenzake, asetilikolini, hubaki na nguvu kupita kiasi: mgonjwa anakakamaa, anatetemeka, anatembea bila kupunga mikono, udenda unamtoka. Artane hupunguza nguvu ya asetilikolini, mwili ukafunguka. Inatibu madhara ya dawa ya kwanza, haigusi ugonjwa.

Anayepewa diklofenaki ya goti pamoja na omeprazoli ya kulinda tumbo hawezi kuacha diklofenaki akategemea omeprazoli imponye goti. Hilo kila mtu analielewa. Kwa nini basi kwenye dawa za akili tunashindwa?

Nadhani ni kwa sababu ya mpangilio wa siku. Familia ikiacha haloperidoli, wiki ya kwanza mambo huwa mazuri. Uso unachangamka, mikono inalegea, kijana anaanza kutania wadogo zake. Kila mtu pale nyumbani anaona kwa macho yake kwamba dawa "mbaya" ilikuwa inamuumiza na Artane ndiyo iliyobaki inambeba. Ugonjwa wenyewe haurudi siku hiyo. Hurudi baada ya wiki kadhaa, pengine miezi: kwanza usingizi unapotea, halafu anakaa peke yake, halafu anaanza kumshuku jirani. Wakati huo hakuna anayekumbuka kile kidonge kilichoachwa, basi anaongezewa Artane.

Hapo ndipo ninapokosa uvumilivu kabisa, kwa sababu Artane ikizidi huleta wazimu wake yenyewe. Mgonjwa anaona wadudu ukutani, anadonoadonoa shuka, anaongea na watu wasiokuwepo, hajui yupo wapi wala ni saa ngapi. Nyumbani wanasema ugonjwa umepanda, wanaongeza kidonge kingine. Mwangalieni vizuri kabla ya kuongeza chochote. Mboni za macho zimepanuka, mdomo umekauka hata ulimi unanata, ngozi ina joto na haina jasho, moyo unakwenda mbio, mkojo hautoki. Hiyo ni sumu ya Artane, na kinachotakiwa ni hospitali, tena haraka.

Na sisi watoa dawa tuna lawama yetu. Mgonjwa anaondoka na bahasha mbili za plastiki, moja imeandikwa haloperidoli 5 mg, nyingine benzheksoli 5 mg, vidonge vyenyewe vidogo vyote, mara nyingi vyeupe vyote, na juu yake "1x2" bila neno lingine. Nani atakumbuka kipi ni kipi akifika nyumbani? Ushauri wangu, ambao nautoa hata kwa asiyeuomba: usiondoke dirishani bila kuandikiwa kazi ya kila dawa kwa kalamu nene. Moja "YA UGONJWA", nyingine "YA KUKAKAMAA". Asipokuandikia mtoa dawa, andika mwenyewe hapohapo akiwa anakuangalia. Na dawa ya ugonjwa ikimtesa mgonjwa, msiikate kimyakimya, mleteni. Daktari anaweza kushusha dozi au kumhamishia risperidoni ya dozi ndogo au olanzapini, ambazo mara nyingi hazikakamazi kwa kiwango kile.

"Ukianza dawa za akili, Artane ni ya maisha"

Shirika la Afya Duniani halishauri Artane na ndugu zake kutolewa kama kinga kwa kila anayeanza dawa za saikosisi. Ni za yule ambaye madhara yamemtokea kweli, tena kwa muda mfupi, baada ya kujaribu kushusha dozi au kubadilisha dawa. Hata hivyo naona kadi za kliniki ambazo Artane imenakiliwa ziara hadi ziara, miaka, bila mtu kuuliza kama bado inahitajika. Muulize daktari wako swali hilo. Wengi wanaweza kuiacha, ila kwa kuipunguza kidogokidogo. Ukiikata ghafla, kukakamaa kunaweza kurudi kwa kishindo, pamoja na kichefuchefu na kukosa usingizi.

Kuna pia madhara yasiyo ya Artane. Mgonjwa anayetafunatafuna midomo na kutoa ulimi bila kutaka, baada ya miaka ya dawa, Artane inaweza kumzidishia tatizo. Asiyeweza kutulia kwenye kiti, anayetembea huku na huku mchana kutwa, mara nyingi hasaidiki nayo. Huyo ana tiba nyingine, propranololi mojawapo.

"Shingo imepinda, hilo ni jini"

Kijana ameanza haloperidoli juzi. Leo shingo imevutwa upande mmoja, macho yamegeuka juu hayashuki, taya limekaza, na anakusikia kila unachosema. Hiyo siyo degedege wala kifafa, na siyo jini. Ni misuli iliyokazwa na dawa, hutokea zaidi siku chache za mwanzo, na huwapata zaidi vijana wa kiume. Sindano ya biperideni au promethazini huifungua kwa dakika, si kwa siku. Nawaheshimu wazee wanaosoma dua, na dua inaweza kusomwa ndani ya gari mkiwa njiani. Koo likikaza, pumzi inazibwa. Msimtie kijiko mdomoni.

"Artane hailevyi, ni dawa ya hospitali"

Pwani ya Kenya, Artane ni miongoni mwa vidonge vinavyouzwa kwa vijana mitaani, na hata huku Tanzania kuna watu wanaofika dirishani na vyeti vya kubuni. Kinachotafutwa ni kule kuchangamka na kuona maruweruwe. Waliokulia kijijini wanaujua mnanaha, mmea wenye sumu uitwao pia datura, na yanayompata anayekula mbegu zake. Sumu ya mnanaha inazuia asetilikolini ileile. Kwa hiyo vidonge vya mgonjwa vikianza kuisha kabla ya tarehe, hesabuni, na mvifungie.

"Mzee anatetemeka, mpe na yeye kimoja"

Msifanye hivyo. Ubongo wa mzee hauihimili dawa hii: anasahau, anachanganyikiwa, anaanguka usiku. Mwenye tezi dume iliyokua anaweza kushindwa kukojoa kabisa. Mwenye presha ya macho ya pembe finyu anaweza kupoteza kuona. Na mzee huyohuyo mara nyingi tayari anakunywa Piriton ya mafua, amitriptilini ya ganzi za miguu, na Buscopan ya tumbo, ambazo zote zinavuta upande uleule. Kila moja ilitolewa kwa sababu yake, kwa siku yake, na mtu tofauti. Zikusanyeni zote kwenye mfuko mmoja mje nazo, pamoja na za dukani.

"Mdomo kukauka na choo kigumu ni kawaida, vumilia"

Mdomo, ndiyo, maji kidogokidogo husaidia, na piga mswaki kwa bidii kwa sababu meno huoza haraka mate yakipungua. Choo, hapana. Mgonjwa anayekunywa klozapini, dawa nyingine ya saikosisi, aliyeongezewa Artane akipitisha siku tatu bila choo na tumbo limejaa, mleteni siku hiyo, kwa sababu utumbo unaweza kusimama na watu hufa kwa hilo. Na anayefanya kazi ya jua, bodaboda au shamba, akumbuke kwamba dawa hii inazuia jasho. Dar es Salaam mwezi wa pili, mwili usiotoa jasho unapanda joto kwa kasi. Apumzike kivulini saa za mchana, anywe maji hata kabla ya kiu, na akianza kuweweseka huku ngozi imekauka, amwagiwe maji na apelekwe hospitali na bahasha zake zote za dawa.