Nchi kuvunjika kwa amani: yanayosemwa na yaliyotokea

Uchaguzi ukiiacha nchi imepasuka katikati, hakosekani wa kusema: basi tugawane mbao, kila mtu ashike njia yake. Mwenzake hujibu kwamba hapo ni vita tu.

Dhana: Nchi haivunjiki bila damu kumwagika.

Zipo zilizovunjika salama. Norway iliachana na Sweden mwaka 1905: katika kura ya maoni, 368,208 waliafiki na 184 tu wakakataa. Majeshi yalikuwa yameshawekwa tayari, lakini mambo yakamalizwa mezani, mjini Karlstad.

Chekoslovakia nayo ilifikia mwisho usiku wa kuamkia Januari 1, 1993. Mali za shirikisho, silaha zikiwemo, ziligawanywa kwa kufuata idadi ya watu: mafungu mawili kwa Wacheki, moja kwa Waslovakia. Majengo na ardhi vilibaki pale vilipokuwa. Sarafu ya pamoja haikumaliza hata miezi miwili. Mwezi Februari noti zilezile za zamani zilianza kubandikwa stempu ndogo, kila nchi na yake, wakati noti mpya zikisubiriwa. Talaka ya taifa zima ikaonekana kwenye kikaratasi cha gundi.

Dhana: Ilifaulu kwa sababu wananchi waliitaka.

Hawakuulizwa. Tafiti za maoni zilionyesha wengi hawakutaka kutengana. Waliokubaliana ni viongozi wawili, Václav Klaus, waziri mkuu wa Wacheki, na Vladimír Mečiar, wa Waslovakia. Kwangu hilo ni doa, hata kama hakuna aliyeuawa. Kilichowaokoa ni kwamba mpaka kati ya jamhuri hizo mbili ulikuwa unajulikana, na karibu hapakuwa na kijiji cha kugombea.

Dhana: Kura ya kishindo inatosha.

Hii ndiyo inayonitia hofu zaidi. Januari 2011, asilimia 98.83 ya wapiga kura wa Sudan Kusini walichagua kujitenga. Bendera ilipandishwa Julai 9, huku ada ya kupitisha mafuta haijaafikiwa na hatima ya Abyei, eneo la mpakani linalogombewa na pande zote mbili, ikining'inia. Visima vingi vilikuwa kusini, bomba likipita kaskazini hadi Port Sudan. Januari 2012 Juba ilifunga visima; Aprili nchi hizo mbili zikapigana Heglig, eneo la mafuta mpakani. Eritrea nayo ilipiga kura kwa amani mwaka 1993, na mwaka 1998 ikaingia vitani na Ethiopia kwa mpaka ambao haukuwa umewekewa alama, pale Badme.

Dhana: Wafuasi wa kila chama wachukue upande wao.

Upande upi? Mkoa uliompa mgombea mmoja asilimia 60 unapakwa rangi moja kwenye ramani, ilhali wanne kati ya kila kumi walimkataa. Wanaishi mtaa mmoja na waliomchagua, pengine wanalala nyumba moja. Wacheki na Waslovakia walikuwa na mstari wa kukata. Mgawanyiko wa vyama hauna mstari huo, na anayetaka kuuchora atalazimika kwanza kuhamisha watu.