Undugu wa Kuchagua: Yanayosemwa na Yalivyo

"Ndugu wasio wa damu ni mambo ya mjini, yameletwa na Wazungu."

Aprili 1876 mtemi Mirambo wa Unyamwezi alichanjiana na Henry Morton Stanley, msafiri Mzungu. Mnyapara wa msafara, Manwa Sera, aliwachanja mguuni, akachanganya damu zao, kisha akamwapiza atakayevunja undugu huo: aliwe na simba, aumwe na nyoka. Hapo Mzungu ndiye aliyeingizwa katika desturi aliyoikuta. Kuna utani pia, undugu wa mzaha kati ya makabila: mtani wa Kinyamwezi hufika kwenye msiba wa Mzaramo, akavaa nguo za marehemu na kuigiza mwendo wake mpaka wafiwa wakacheka huku wanalia. Na kwa Waislamu, watoto walionyonya kwa mama mmoja ni ndugu, hawaoani, hata kama ukoo wao haukutani popote.

"Anayetafuta ndugu nje ametupwa na wa kwao."

Wapo waliotupwa, na wapo waliokimbia kipigo. Lakini wengi wana ndugu tele, ila ndugu wako Kigoma, wao wako Mbagala, Dar es Salaam. Mtu akifa usiku na kuzikwa kesho yake adhuhuri, wa Kigoma hawawahi kwa basi. Anayewahi ni katibu wa chama cha kufa na kuzikana, daftari mkononi, na vijana nyuma yake wamebeba turubai na viti. Akina mama wa kikundi hawaulizi sufuria ziko wapi, wanajua.

"Mkipendana hakuna haja ya kuandikishana."

Hii ndiyo inayoumiza watu, tena baada ya kifo. Usipoacha wosia, rafiki uliyeishi naye kama ndugu hahesabiwi kwenye mirathi. Muislamu anaweza kumuusia asiye mrithi, mradi isizidi theluthi moja ya mali; zaidi ya hapo mpaka warithi waridhie. Kenya, kwa wasio Waislamu, Sheria ya Urithi (Sura 160) inakuruhusu kumwachia umtakaye, ingawa wategemezi wako wanaweza kwenda mahakamani kudai fungu lao. Sheria hiyohiyo inamtambua kama mtegemezi mtoto uliyemchukua ukamlea kama wako, iwapo ulikuwa unamtunza hadi kufa kwako.

Kwa hiyo andika wosia mbele ya mashahidi, na huyo unayemwachia asiwe mmoja wao. Ukilazwa, taja jina na simu ya mtu wako mapema, na wa nyumbani waambie wewe mwenyewe. Wakisikia habari zake kwa mara ya kwanza msibani, watamwona mvamizi.