Cheti cha Ukutani si Leseni: Dhana Potofu Kuhusu Wahudumu wa Afya Wasio Madaktari

Wakazi wengi wa Nairobi huamini kwamba cheti kilichotundikwa ukutani chatosha kuonyesha kuwa anayewapima damu ana ruhusa ya kufanya kazi hiyo. Sivyo. Cheti cha chuo, hata kiwe cha KMTC, chuo cha serikali kinachofunza wahudumu wa afya, huthibitisha tu kwamba mtu alihitimu. Kinachompa ruhusa ni kusajiliwa na bodi ya taaluma yake, kisha kuwa na leseni ambayo muda wake haujaisha. Kwa hiyo, ukiingia katika maabara ya mtaani, iwe Kayole au Pipeline, usiishie kwenye fremu yenye picha ya mahafali. Tafuta leseni yenyewe, usome jina, nambari ya usajili na mwaka, kisha umuulize kwa heshima aliyeshika sindano kama jina hilo ni lake, maana huenda ni la mwenye maabara ambaye siku hiyo hayupo.

Wapo pia wanaodhani kuwa baraza la madaktari ndilo humsimamia kila avaaye koti jeupe. Baraza hilo huwasajili madaktari na madaktari wa meno, na pia hutoa leseni za vituo vya afya, lakini leseni ya kituo haimhalalishi kila aliyeajiriwa humo. Wataalamu wa maabara wana bodi yao iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1999; wale wa lishe walipata sheria yao mwaka 2007, wa tiba ya viungo mwaka 2014, nao maafisa wa kliniki, wanaotibu wagonjwa bila kuwa madaktari, wana baraza lao chini ya sheria ya mwaka 2017. Mwaka huo huo, Sheria ya Afya iliunda mamlaka ya kufuatilia utendaji wa vyombo hivi vyote na kupokea malalamiko ya wagonjwa.

Dhana inayoniuma zaidi ni kwamba kulalamika ni kazi bure kwa kuwa bodi huwatetea watu wao. Anayepigania mishahara na marupurupu ni chama cha wafanyakazi. Bodi iko kwa ajili ya kuulinda umma, na inaweza kusimamisha leseni au kulifuta jina la mhudumu kwenye rejista. Hata hivyo, ni vigumu kuchunguza kosa lisilo na karatasi. Aliyepewa majibu ya vipimo kwa mdomo tu na ayadai kwa maandishi kabla ya kuondoka, yakiwa na tarehe, jina na sahihi ya aliyepima, na aihifadhi risiti pamoja nayo.