Jangwa si tupu: yanayodhaniwa na yaliyo kweli kuhusu safari ya loji Namibia

Mtu akitajiwa Namibia, picha inayomjia ni ile ya matuta mekundu ya mchanga chini ya anga la buluu, na jua. Wanyama anawafikiria baadaye, na watu huenda asiwafikirie kabisa. Nimewahi kuizunguka nchi hiyo kwa njia inayopitiwa na wengi: unaanzia Windhoek, unateremka hadi Sesriem na Sossusvlei, unapita pwani ya Swakopmund, unapanda Damaraland, eneo kame la kaskazini-magharibi, kisha unamalizia hifadhi ya Etosha. Ni siku kumi hivi, kila kituo unalala loji na mwongozaji yuko nawe. Niliporudi, maswali niliyoulizwa na ndugu na marafiki yalikuwa yale yale, na mengi yalijengwa juu ya mambo yasiyo ya kweli.

"Jangwani utaangalia nini? Hakuna kitu."

Hili ndilo ninaloanza nalo kwa sababu ndilo linalowanyima watu mengi. Namib ni miongoni mwa majangwa makongwe kuliko yote duniani, na ubavuni mwake kuna bahari ya Atlantiki yenye mkondo baridi wa Benguela. Mkondo huo ndio unaoinyima nchi kavu mvua, na ndio huo huo unaoiletea ukungu. Hewa yenye unyevu ikipita juu ya maji baridi hugeuka ukungu, nao husukumwa na upepo hadi makumi ya kilomita ndani ya jangwa. Kwa viumbe wengi wa huko, hiyo ndiyo mvua yao.

Wapo mende ambao alfajiri hupanda hadi kwenye kilele cha tuta, wakainamisha kichwa na kuinua sehemu ya nyuma kuukabili upepo. Ukungu unatua mgongoni, unakuwa matone, matone yanateremka hadi mdomoni. Upo mmea unaoitwa welwitschia, unaopatikana Namibia na Angola tu, ambao maisha yake yote huwa na majani mawili. Upepo unayachana vipande vipande hadi mmea unaonekana kama rundo la takataka lililotupwa njiani. Mingine ina umri unaozidi miaka 1,000.

Kilichonigusa kuliko vyote ni kidogo zaidi. Katika uwanda wa changarawe karibu na pwani, mwongozaji wetu alisimamisha gari, akachuchumaa kando ya jiwe lililofunikwa na ukoga mkavu wa kijivu, ule unaoitwa likeni. Akafungua chupa yake ya maji ya kunywa, akadondosha matone matatu, manne. Tukasubiri. Haikupita hata dakika mbili, ule ukoga ukaanza kujikunjua, kijivu kikageuka kijani, kingo zikawa na rangi ya chungwa. Kisha akatuonyesha alama za matairi ya gari lililowahi kukatisha uwanda ule. Akasema alama kama hizo hukaa miongo, kwa kuwa likeni hukua polepole mno na hakuna mvua ya kuzifuta. Tangu siku ile sijamwelewa dereva anayetoka nje ya njia kwa ajili ya picha.

"Basi ni joto saa ishirini na nne."

Kati ya Juni na Agosti usiku wa jangwani unaweza kushuka hadi chini ya sifuri. Alfajiri, ndani ya gari la wazi, utahitaji kofia ya sufu na glavu, na saa sita mchana utabaki na fulana. Swakopmund nayo hupoa hata Desemba kwa sababu ya ule ukungu. Chukua nguo za kuvaa tabaka kwa tabaka.

"Miti ya Deadvlei imegeuka kuwa mawe."

Deadvlei ni bonde kavu kati ya matuta, na nimesikia hata wageni waliokwisha kufika huko wakisema hivi. Si kweli. Ile ni mbao. Zamani mto Tsauchab ulipofurika ulifikisha maji pale, migunga ikaota. Kisha matuta yakafunga njia ya maji, ukame ukaingia, na miti ikafa yapata miaka 600 hadi 700 iliyopita. Haikuoza kwa kuwa pale ni pakavu kupita kiasi. Jua limeichoma hadi ikawa nyeusi, nayo imesimama hivyo hivyo juu ya udongo mweupe uliopasuka. Ukiegemea tawi linaweza kukatika, na hakuna lingine litakaloota mahali pake. Bwawa la Sossusvlei lenyewe, lililo jirani, bado hupata maji katika ile miaka michache ambayo Tsauchab hufurika kwa nguvu.

Wekundu wa matuta ni kutu ya chuma iliyofunika chembe za mchanga, na sehemu kubwa ya mchanga huo iliteremshwa na mto Orange hadi baharini, ikabebwa na mkondo kuelekea kaskazini, kisha upepo ukairudisha nchi kavu. UNESCO iliiweka bahari hii ya mchanga kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2013.

Hapa kuna jambo la kuulizia kabla ya kulipia. Loji nyingi zinajiita za Sossusvlei, lakini nyingine ziko mbali na lango la Sesriem, la kuingilia hifadhi yenye matuta hayo. Lango hufunguliwa jua linapochomoza, na kutoka hapo kuna kilomita 60 za lami, kisha 5 za mchanga mtupu zinazohitaji gari lenye uwezo wa kusukuma magurudumu yote manne. Wanaolala ndani ya lango huruhusiwa kuanza safari mapema zaidi. Kwa hiyo muulize wakala: loji iko upande gani wa lango? Jibu hilo ndilo litakaloamua kama utaona mwanga wa kwanza ukigusa matuta, au utakuwa bado kwenye foleni.

"Tembo wa jangwani ni aina nyingine ya tembo."

Ni tembo wale wale wa savana tunaowajua. Wanaonekana wana miguu mirefu kwa sababu ni wembamba. Kinachowatofautisha ni maarifa. Huko Damaraland na Kunene wanafuata mikondo ya mito mikavu kama Hoanib, Huab na Ugab, ambako maji yamo chini ya mchanga. Wanachimba kwa miguu na mkonga hadi maji yatokeze, na wakishaondoka wanyama wengine huja kunywa kwenye shimo hilo hilo. Wanaweza kukaa siku kadhaa bila kunywa.

Mahali pa kuchimba, na njia ya kupita mwaka wa ukame, mtoto hujifunza kwa kufuatana na mama yake na bibi yake. Ndiyo maana kumpoteza tembo jike mzee katika nchi kama ile ni msiba wa ukoo mzima. Mwongozaji huwatafuta kwa kusoma nyayo, kinyesi, matawi yaliyovunjwa, na siku nyingine hawaoni. Wakala akikuhakikishia kwamba lazima utawaona, mtilie shaka.

"Etosha ni Serengeti ya kusini, utaona wale watano wakubwa."

Hutawaona wote watano, yaani simba, chui, tembo, faru na nyati. Etosha haina nyati, wala kiboko, wala mamba. Simba, chui, tembo na faru wapo, pamoja na choroa, twiga, pundamilia na makundi makubwa ya swala wa springboki. Hakuna ule uhamaji wa nyumbu tunaoujua Afrika Mashariki. Anayekwenda akitaka Serengeti nyingine atarudi ananung'unika, na atakuwa amekosa kitu ambacho Serengeti haikupi kwa namna ile.

Hifadhi hii ilitangazwa mwaka 1907, wakati wa utawala wa Wajerumani, na leo ina zaidi ya kilomita za mraba 22,000. Katikati kuna uwanda mkubwa wa chumvi wa takriban kilomita za mraba 4,800, mweupe, ambao miezi mingi hauna hata tone. Pembeni mwake kuna visima na chemchemi, na hapo ndipo penye mambo yote. Miezi ya ukavu, hasa kuanzia Julai hadi Oktoba, mnyama hana pengine pa kwenda. Kwa hiyo badala ya kukimbizana na wanyama porini, unazima gari kando ya maji na kukaa kimya.

Okaukuejo, moja ya kambi za ndani ya hifadhi, kuna kisima kinachowashiwa taa usiku, na wageni hukaa nyuma ya ukuta mfupi wa mawe. Usiku mmoja nilikaa pale, nimejifunga blanketi. Alikuja faru mweusi na mtoto wake. Kwanza alisimama gizani muda mrefu, masikio yakizunguka, ndipo akasogea. Mtoto alikunywa, akachoka, akaegemeza kidevu kwenye ubavu wa mama. Kisha likafika kundi la tembo. Faru hakuondoka, alimgeukia tembo aliyetangulia, wakatazamana kwa hatua chache, na tembo akazunguka upande wa pili wa maji. Watu zaidi ya thelathini tulikuwa pale na hakuna aliyekohoa.

Namibia ni moja ya ngome kuu za faru weusi waliobaki duniani, na majangili wanalijua hilo. Waongozaji huomba msirushe mitandaoni picha ya faru ikiwa na alama ya mahali ilipopigwa. Tafadhali wasikilizeni.

Masika hali hubadilika: maji yako kila mahali, wanyama wanatawanyika, na kuwaona kunakuwa kazi. Lakini mvua ikiwa nzuri ule uwanda mweupe hupata maji, na heroe huja.

"Mwongozaji ni wa wasiojua kuendesha."

Barabara nyingi za Namibia ni za changarawe, zimenyooka, na zinamdanganya dereva. Unajiona uko sawa kwa kasi kubwa, unakutana na kona au mnyama, unakanyaga breki, gari linateleza na kubingirika. Ajali za namna hii ni jambo la kawaida kwa wageni. Wanaendesha upande wa kushoto kama sisi, kwa hiyo Mtanzania au Mkenya hatapata shida hapo, lakini umbali ni mrefu: Windhoek hadi Sesriem ni kilomita 350 hivi na zinakula nusu siku. Mwenda pole hajikwai, na kule methali hii ichukueni neno kwa neno.

Nakubali kwamba Etosha unaweza kujiendesha mwenyewe ukaona vizuri tu. Damaraland ni tofauti. Kumfuata faru kwa miguu au kuingia kwenye mkondo wa mto wenye tembo bila mtu anayewajua ni kujihatarisha wewe, na kuwasumbua wao. Na bila mwongozaji yule, mimi ningelipita lile jiwe la likeni kama mawe mengine.

Mambo madogo

Malaria haiko nchi nzima kwa kiwango kimoja: kusini na pwani ni pakavu, hatari iko zaidi kaskazini, Etosha ikiwemo, hasa wakati wa mvua na baada yake. Ukitokea nchi yenye homa ya manjano, beba cheti cha chanjo. Dola ya Namibia ni sawa na randi ya Afrika Kusini moja kwa moja, na randi inapokelewa kila duka. Kinyume chake sivyo, kwa hiyo maliza dola zako kabla ya kuvuka mpaka.

"Loji ni za wazungu, wenyeji hawapati kitu."

Hapa ukweli una pande mbili, na yote mawili yasemwe.

Zamani mnyama aliyekuwa kwenye ardhi ya jamii alikuwa mali ya serikali. Mfugaji aliyeliwa ng'ombe alibaki na hasara, na mgeni aliyempiga picha simba alimlipa mtu mwingine. Mwaka 1996, miaka sita baada ya uhuru, sheria ilibadilishwa ili jamii ziweze kuunda hifadhi zao na kunufaika na wanyama waliomo. Za kwanza zilisajiliwa mwaka 1998, Torra ya Damaraland ikiwa mojawapo, na leo zimepita 80. Loji iliyo ndani ya hifadhi ya jamii hulipa jamii hiyo kwa mkataba, huajiri vijana wake, na fedha husaidia kulipa walinzi wa wanyamapori wanaotoka vijiji hivyo hivyo.

Twyfelfontein, huko huko Damaraland, ambako kuna michoro zaidi ya 2,000 iliyochongwa kwenye miamba na wawindaji wa kale, hutembei bila mwongozaji wa pale. Aliyetuongoza alitusimamisha mbele ya simba mwenye vidole vitano kila mguu, akatutaka tuhesabu. Simba halisi huacha alama ya vidole vinne. Mchongaji, alisema, alikuwa anamchonga mtu aliyegeuka simba.

Upande wa pili ni kwamba si kila loji iko kwenye ardhi ya jamii, na anayeishi na wanyama bado anaumia. Simba wanaua mifugo, na fidia hailingani na hasara. Tembo mwenye kiu hung'oa bomba na kubomoa tangi ambalo kijiji kizima kinalitegemea. Kwa hiyo kabla hujalipia uliza: ardhi ni ya nani, mkataba na jamii upo, waongozaji wanatoka wapi. Loji inayotenda haki itakujibu bila kusitasita.

Kwenye kijiji kimoja tulichopitia tukielekea kaskazini, tangi la maji lilikuwa limezungushiwa ukuta mnene wa mawe, mrefu kuliko mtu. Hatua kadhaa kutoka hapo palikuwa na birika la saruji lililojaa maji, halina ukuta. Nikauliza ni la mbuzi? Mama aliyekuwa anachota akacheka, akasema mbuzi wanakunywa mchana. Usiku ni la tembo.