Penseli ya nyuma ya picha: tunavyodanganyika tukifuatilia historia ya majengo ya kale

Anayepata picha ya zamani ya mtaa wa mjini huwa na haraka. Anaigeuza, anakuta mwaka umeandikwa nyuma kwa penseli, anaamini. Kuanzia hapo kila anachokiandika kuhusu jengo lile kimeegemea penseli ya mtu asiyemjua. Nimelifanya kosa hilo zaidi ya mara moja, kwa hiyo simcheki mtu. Zifuatazo ni dhana zinazotuponza mara nyingi, baadhi ndogo, baadhi zenye uwezo wa kuharibu kazi ya mwezi mzima.

“Mwaka ulioandikwa ndio mwaka picha ilipopigwa”

Mara nyingi sivyo. Maandishi ya nyuma huandikwa na mrithi, mnunuzi au karani wa hifadhi ya nyaraka, pengine miaka hamsini baada ya tukio. Postikadi zinapotosha zaidi, kwa sababu muhuri wa posta unaeleza siku kadi ilipotumwa tu. Wachapishaji walikuwa wakitumia negativu ileile (kioo au filamu ya asili ambayo picha huchapwa kutoka kwake) miaka na miaka, mradi kadi inauzika, hivyo jengo liliweza kubomolewa na picha yake ikaendelea kusafiri kwa stempu mpya.

Mgongo wa kadi unasaidia kidogo. Uingereza iliruhusu mgongo uliogawanywa kwa mstari, ujumbe upande mmoja na anwani upande wa pili, mwaka 1902. Marekani ilifuata tarehe 1 Machi 1907. Kabla ya hapo ujumbe ulibanwa pembeni mwa picha, kwa mwandiko wa kujipenyeza penye nafasi. Kadi ya Marekani yenye mstari huo ni ya 1907 au baadaye. Ila tarehe hiyo ni ya kadi. Picha iliyo mbele yake inaweza kuwa ya zamani zaidi.

Kwa hiyo acha kutafuta mwaka mmoja. Tafuta mipaka miwili: si kabla ya lini, na si baada ya lini. Chukua mnara wa kengele wa Mtakatifu Marko kule Venice. Uliporomoka tarehe 14 Julai 1902, ukajengwa upya na kuzinduliwa tarehe 25 Aprili 1912. Picha inayoonyesha pale mahali bila mnara imejileta yenyewe ndani ya miaka hiyo kumi. Yenye mnara ndiyo yenye kazi, kwa kuwa ule mpya ulijengwa makusudi ufanane na wa zamani, na kwa mbali huwezi kuutofautisha. Hapo ndipo unapogeukia nguzo za taa, mabango, nyaya, mavazi.

Na mavazi yenyewe yana mtego wake. Mtindo mpya unakupa mpaka wa chini tu, maana mzee huvaa koti la ujana wake bila kumwomba mtu ruhusa. Gari ni vilevile: ukilitambua modeli unajua picha haikupigwa kabla halijatengenezwa, lakini gari linaweza kukaa barabarani miaka ishirini. Mimi hutafuta kitu kipya kuliko vyote kwenye picha, na kukipa uzito kuliko vikongwe kumi vilivyokizunguka.

“Barabara tupu, mji ulikuwa umelala”

Mwaka 1838 Louis Daguerre, Mfaransa aliyebuni mojawapo ya mbinu za mwanzo za kupiga picha, aliielekeza kamera kwenye Boulevard du Temple, barabara yenye pilikapilika jijini Paris. Katika picha hakuna farasi wala magari ya kukokotwa. Anaonekana mtu mmoja kwa uwazi, kwenye kona, mguu ameuinua anang'arishiwa viatu. Lenzi iliachwa wazi kwa dakika kadhaa, na kila aliyekuwa akitembea hakuacha alama. Yule bwana alibaki kwa sababu alisimama.

Kwa hiyo usiandike kamwe kwamba jengo lilikuwa “limetelekezwa” au mtaa “haukuwa na biashara” kwa ushahidi wa picha ya namna hiyo. Tazama chini, usawa wa njia: ukungu mwepesi kama moshi mbele ya milango mara nyingi ni watu. Bendera iliyokuwa ikipepea nayo huonekana kama doa.

“Kushoto kwenye picha ni kushoto mtaani”

Picha za Daguerre, na nyingine nyingi za mbinu yake, zinaonyesha dunia kama kwenye kioo cha kujitazamia, kulia kumekuwa kushoto. Baadaye, katika zama za negativu, ilitosha mtu kuiweka kinyume wakati wa kusafisha picha, au siku hizi wakati wa kuiskani.

Nilikaa siku nyingi nikibishana na postikadi ya jengo la kona lenye saa. Madirisha yalilingana na mchoro niliokuwa nao, paa lililingana, lakini mlango mkuu ulikuwa upande usiofaa, nami nilikuwa tayari nimeandika aya nzima kueleza jinsi mwenye jengo alivyouhamisha. Siku moja nikaishika lenzi ya kukuzia nikaitazama ile saa. Upande wa kushoto, mahali panapokaa tisa, palikuwa na mistari mitatu iliyosimama: III. Kulia palisomeka kama XI, ambayo ni IX iliyogeuzwa. Mlango haukuwahi kuhama. Aya niliifuta. Tangu hapo, kitu cha kwanza ninachotafuta kwenye picha ni herufi: bango la duka, namba ya tramu, saa. Herufi kama A, M, O na T zinafanana pande zote mbili, kwa hiyo zisikutulize. Tafuta R, N au S.

“Ukuta ulikuwa mweusi, picha inaonyesha”

Sahani za kioo zilizonasa picha ndani ya kamera sehemu kubwa ya karne ya 19 ziliuona sana mwanga wa buluu na kwa shida sana mwekundu. Matofali mekundu yakatoka karibu meusi, anga la buluu likatoka jeupe kama karatasi, na mbao zilizopakwa buluu ya wastani zikaonekana kama zimepakwa chokaa. Jambo linalowasumbua zaidi wafuatiliaji wa majengo ni mabango: maandishi ya buluu juu ya ubao mweupe yanaweza kupotea kabisa, ukadhani duka halikuwa na jina. Kemikali zilizoweza kuziona rangi zote kwa usawa zilienea katika karne ya 20 tu.

Picha za rangi ndizo zinazopendwa na ndizo zinazodanganya zaidi. Photochrom, mbinu iliyotoka kwa kampuni ya uchapaji ya Orell Füssli ya Zürich mwishoni mwa karne ya 19, ilianza na negativu isiyo na rangi, kisha mafundi wakaongeza rangi kwa mawe ya kuchapia, jiwe moja kwa kila rangi. Fundi huenda hakuwahi kufika mji huo. Rangi iliyonaswa kweli na kamera iliwafikia wanunuzi kwa wingi kuanzia 1907, ndugu Lumière walipoanza kuuza sahani za autochrome. Postikadi nyingi za “usiku”, zenye mwezi mzima na madirisha ya njano, zilipigwa mchana kweupe. Mwezi uliongezwa mezani. Pale pale mezani nguzo na nyaya zisizopendeza zilifutwa, na pengine motokaa ikabandikwa mahali ambapo haikupita.

Leo kuna programu za akili mnemba zinazopaka rangi picha ya zamani kwa sekunde chache. Zinakisia. Ukitaka kujua ukuta ulikuwa na rangi gani, utaipata kwenye tabaka za rangi zilizobaki nyuma ya fremu ya dirisha, au kwenye hati ya mkandarasi. Programu hizohizo zikiambiwa “safisha” picha hufanya jambo baya zaidi: hutengeneza maelezo ambayo hayakuwepo. Bango lenye herufi hafifu huja na maumbo mazuri, makali, yasiyosomeka kwa lugha yoyote, na dirisha lililokuwa limezibwa kwa matofali hufunguliwa tena lina vioo. Fanya kazi na nakala iliyoskaniwa kwa ubora wa juu kutoka kwenye picha yenyewe. Ile iliyong'arishwa, wape jamaa waifurahie.

“Anwani ni ileile, na jengo halihami”

Chicago ilibadilisha namba za nyumba zake mwaka 1909, na katikati ya mji mwaka 1911. Picha ya 1895 yenye namba mlangoni, ukiitafuta namba hiyo kwenye ramani ya leo, itakupeleka mbali na mahali pake. Miji mingi imefanya vivyo hivyo, na majina ya barabara hubadilika kila siasa inapobadilika. Kabla ya kuanza, tafuta jedwali la namba za zamani na mpya.

Kuhusu kuhama: Chicago hiyohiyo, katika miaka ya 1850 na 1860, iliinua barabara zake ili ipate nafasi ya mifereji ya majitaka, na majengo ya matofali yakanyanyuliwa kwa jeki, yakiwa mazima. Ngazi inayoonekana kwenye picha moja na kukosekana kwenye nyingine inaweza kuwa na maelezo ya namna hiyo. Indianapolis, mwaka 1930, jengo la ghorofa nane la kampuni ya simu ya Indiana Bell, lenye uzito wa takribani tani 11,000, lilisogezwa na kugeuzwa nyuzi 90 huku wafanyakazi wakiendelea na kazi ndani na simu zikipokewa. Mwenye picha mbili, ya kabla na ya baada, asipojua habari hiyo atasema ni majengo mawili tofauti. Nisingemlaumu.

“Linaonekana la kale, basi ni la kale”

Hapa nitapita haraka. Mji mkongwe wa Warsaw uliharibiwa karibu wote wakati wa Vita vya Pili vya Dunia na kujengwa upya baada yake; UNESCO iliuweka kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 1980. Wajenzi walitumia vipimo na picha za kabla ya vita, lakini pia michoro ya mchoraji Bernardo Bellotto ya karne ya 18. Kwa hiyo uso wa nyumba wa leo unaweza kufanana zaidi na mchoro wa zamani kuliko na picha ya mwaka 1935. Tofauti kati ya picha na jengo haithibitishi kwamba picha si ya hapo.

“Jengo langu si maarufu, halina picha”

Lina, ila haikupigwa kwa ajili yake. Kati ya 1939 na 1941 idara ya kodi ya New York ilipiga picha za majengo ya mji mzima, zaidi ya 700,000, makasri na vibanda bila ubaguzi. Kwenye nyingi ameonekana mtu ameshika kibao chenye namba ya kitalu na kiwanja. Paris, katika miaka ya 1860, ilimtuma mpiga picha Charles Marville apige vichochoro vilivyokaribia kubomolewa kupisha barabara pana za Haussmann, msimamizi wa ujenzi upya wa jiji hilo. Majengo ya kawaida huonekana pembeni: nyuma ya gwaride, nyuma ya ajali ya tramu, nyuma ya mafundi wa bomba. Tafuta tukio la mtaani, usitafute jina la jengo.

Kisha uweke picha kando ya ramani ya bima ya moto, iliyochorwa ili kampuni za bima zipime hatari ya kila jengo. Ramani za Sanborn za Marekani zilipaka waridi majengo ya matofali na njano ya mbao, zikaandika idadi ya ghorofa. Ramani ikisema ghorofa nne na picha ikionyesha tatu, una mpangilio wa nani alitangulia, isipokuwa kama moto ulipita katikati.

“Nikisimama mbele ya jengo, nimesimama alipokuwa mpiga picha”

Watu hupiga picha ya leo, huiweka kando ya ile ya zamani, kisha hutangaza kwamba dirisha limepanuliwa au paa limeshushwa. Kumbe wamesimama hatua tano upande mwingine. Chagua kwenye picha ya zamani vitu viwili, kimoja cha karibu na kimoja cha mbali, vinavyogusana: kona ya jengo na dohani iliyo nyuma yake, kwa mfano. Tembea kushoto na kulia mpaka viguse vilevile. Fanya tena na jozi ya pili, upande wa pili wa picha. Mistari miwili ikikutana, hapo ndipo kamera ilipokuwa. Kama kimo bado hakikubali, inua macho, kwa sababu wengi wao walipanda kwenye dirisha la ghorofa ya kwanza la jengo la mkabala, na huenda lile dirisha bado lipo.