Baby Face ya 1933: jinsi ya kujua unatazama nakala ipi

"Hollywood kabla ya ukaguzi", jina wanaloitwa filamu za Marekani za 1930 hadi 1934 zenye wanawake waasi kama wa Baby Face, linapotosha kidogo. Ukaguzi ulikuwepo muda wote. Mwaka 1915 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba sinema ni biashara tu, hailindwi na uhuru wa kusema, na bodi za majimbo kama Ohio, Pennsylvania na New York zikaweza kukata filamu zilivyotaka. Kanuni za maadili zinazoitwa kwa jina la Will Hays, mkuu wa chama cha kampuni za sinema, nazo zilipitishwa Machi 1930. Zilikosa meno tu. Meno yaliota Julai 1934 chini ya Joseph Breen, msimamizi wa kanuni hizo: kampuni mwanachama iliyotoa filamu bila cheti chake ilikabiliwa na faini ya dola 25,000. Wanawake waasi tunaowazungumzia waliishi katika pengo hilo la miaka minne.

Uasi wenyewe haukuwa wa namna moja. Katika The Divorcee (1930), Norma Shearer anagundua mumewe amemsaliti, analala na rafiki wa mume huyo, kisha anamwambia kwamba sasa hesabu zao ziko sawa. Alipata Oscar kwa uigizaji huo, ingawa mwishoni anarudi kwa mumewe. Jean Harlow katika Red-Headed Woman (1932) harudi kokote: anavunja ndoa ya tajiri wake, anampiga risasi, halafu tunamkuta Paris na mzee mwenye fedha, dereva wa gari akiwa ndiye mpenzi wake. Hakuna aliyemwadhibu, na hilo ndilo lililowakera wakaguzi kuliko nguo zake.

Lakini filamu inayofundisha zaidi ni Baby Face, kwa sababu tunazo nakala mbili za kulinganisha. Barbara Stanwyck ni Lily, binti wa Erie, Pennsylvania. Baba yake anauza pombe ya magendo na kumuuza binti kwa wateja. Mtambo wa pombe unalipuka na kumuua baba, na Lily anadandia behewa la mizigo kwenda New York pamoja na Chico, anayeigizwa na Theresa Harris. (Mtazame Harris vizuri. Waigizaji weusi wa wakati ule kwa kawaida walipewa sentensi mbili na trei mkononi. Hapa Lily anamwambia baba yake kwamba Chico akifukuzwa, naye anaondoka.) Huko New York Lily anaajiriwa benki na kupanda cheo kwa kulala na wakubwa. Kamera inapanda ukuta wa nje, dirisha hadi dirisha, idara hadi idara.

Bodi ya New York iliikataa. Warner, studio iliyoitengeneza, wakaikata, na kilichokatwa kinashangaza: kupanda ghorofa kulibaki. Tukio la mfanyakazi wa reli ndani ya behewa lilipunguzwa, lakini pigo kubwa liliangukia maneno ya Cragg, fundi viatu mzee anayemsoma mwanafalsafa wa Kijerumani, Nietzsche. Mwanzoni alimwambia Lily awatumie wanaume ili apate anachotaka. Katika nakala iliyokatwa anamuusia kuna njia njema na njia mbaya. Maneno mapya yalipandikizwa juu ya picha iliyopo, kwa hiyo chunguza kama unaona midomo yake anapoyasema. Mkasi ulitafuta fikra. Mwanamke aliyepotoka waliweza kumvumilia. Aliyepiga mahesabu hawakumweza.

Mwisho pia ulibadilishwa. Nakala kamili inaishia ndani ya gari la wagonjwa: mume wa Lily, mkuu wa benki hiyo, amejipiga risasi, sanduku limefunguka, fedha na vito vimemwagika, Lily hajali. Nakala ya pili inaongeza kikao cha benki kinachotuarifu kwamba wawili hao wametoa mali yote na mume sasa ni kibarua. Nakala kamili ilipatikana mwaka 2004 katika hifadhi ya Maktaba ya Bunge la Marekani huko Dayton, Ohio. Ina takriban dakika 76; ile nyingine takriban 71.

Kwa filamu nyingine usiamini mwaka pekee. Baada ya 1934, studio iliyotaka kurudisha filamu ya zamani kumbini ilihitaji cheti, na mara nyingine ilikata negativu yenyewe, yaani filamu mama ya kuchapia nakala. Love Me Tonight ya 1932 ilipoteza vipande kwa namna hiyo, na hadi leo havijapatikana. Dalili za kukatwa ni muziki unaoruka katikati ya mdundo, mtu anayekatika neno mdomoni, au barua inayosomwa kwa maneno yasiyolingana na hasira ya aliyeipokea.

Hata hivyo usimbebeshe Breen kila kitu. Katika Female (1933), Ruth Chatterton anaongoza kiwanda cha magari na kuwachagua vijana wa ofisini kama mabosi wanaume walivyozoea kuchagua makarani. Dakika za mwisho anamkabidhi mwanamume kiwanda na kuahidi kumzalia watoto tisa. Mwisho huo studio iliuchagua yenyewe, miezi kadhaa kabla ya cheti kuwa lazima.