Stesheni ya Voi, mwaka 1958, kwa skeli ya 1:87: utafiti kabla ya kukata mbao

Kabla ya kununua reli hata mita moja, andika mwaka mmoja juu ya karatasi na ubandike ukutani. Wanaotaka kutengeneza modeli ya reli ya Mombasa–Nairobi huanza kwa kukusanya picha, kisha wanajikuta na stesheni ambayo haikuwahi kuwapo: jengo la miaka ya 1930, injini ya 1956 na behewa la 1978, vyote kwenye jukwaa moja.

Voi inafaa sana kuonyesha tatizo hili. Reli ilifika hapo kutoka Mombasa mwishoni mwa 1897. Njia ya reli ya kwenda Taveta haikuwapo bado. Ilianza kujengwa 1915, Waingereza walipotaka kuwafikia Wajerumani upande wa Kilimanjaro, na baadaye ikaungana na reli ya Tanga pale Kahe. Kwa hiyo Voi ya 1910 si njia panda. Injini za Garratt, yaani injini ndefu za mvuke zenye seti mbili za magurudumu, mbele na nyuma, zilianza kazi 1926. Mwaka 1948 reli za Kenya na Uganda ziliunganishwa na za Tanganyika, na maandishi ubavuni mwa injini yakabadilika. Garratt kubwa za daraja (aina) la 59 ziliingia 1955 na 1956, dizeli za njia kuu zikafuata 1960, na 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika. Mimi nashikilia 1958: injini 34 za daraja la 59 zote zimeshafika, mvuke bado unatawala, na wako wazee wanaokumbuka.

Sasa skeli: 1:87 maana yake kila kitu kinapunguzwa mara 87. Reli hii ina upana wa mita 1, na mita 1 ukiigawa kwa 87 unapata milimita 11.5. Reli ya modeli ya milimita 12 iko madukani Ulaya, na kosa lake ni asilimia 4, ambalo jicho halilioni. Ukichagua 1:76 kwa sababu ya vifaa vya Kiingereza, reli hiyo hiyo ya milimita 12 inakupa upana wa sentimita 91 tu, na Garratt itaonekana imesimama juu ya njia nyembamba mno. Mwenye chumba kidogo atumie 1:110 kwa reli ya milimita 9.

Injini ya daraja la 59 ina urefu wa futi 104 na inchi moja na nusu, yaani mita 31.7. Kwa 1:87 hiyo ni milimita 365. Gurudumu kubwa la inchi 54 linakuwa milimita 15.8. Usitegemee namba za vitabuni peke yake. Injini mbili za daraja hili, 5918 Mount Gelai na 5930 Mount Shengena, ziko kwenye Makumbusho ya Reli Nairobi. Nenda na futi kamba na mwenzako wa kushika ncha ya pili, ukiwa umeomba ruhusa ya kupima. Pima yale ambayo michoro ya jumla haionyeshi: unene wa ngazi, nafasi kati ya ribiti, kimo cha taa kutoka kwenye reli. Michoro ya Beyer Peacock, kiwanda kilichoziunda, imehifadhiwa kwenye makumbusho ya sayansi na viwanda ya Manchester. Chunguza bomba la moshi pia: baadaye injini hizi zilifungwa bomba bapa la Giesl, basi picha yenye bomba hilo si ushahidi wa jinsi zilivyotoka kiwandani.

Ramani ya stesheni ndiyo kazi ngumu. Karatasi za ramani za 1:50,000 zinakupa milima, mito na mikunjo, lakini milimita moja hapo ni mita 50, hivyo huwezi kuhesabu njia za uwanja wa stesheni. Unachohitaji ni picha za angani za zamani, na pa kuanzia kuuliza ni Survey of Kenya, Ruaraka. Kisha fungua picha ya setilaiti ya leo na ulinganishe. Angalia usichanganye: reli ya SGR iliyofunguliwa 2017 nayo inapita Voi na ina stesheni yake. Njia iliyong'olewa huacha alama, mstari wa vichaka uliopinda taratibu kuliko barabara yoyote. Kwa mafaili, nenda Nyaraka za Taifa, Nairobi. Ya Wizara ya Makoloni yako Kew, London.

Ukikosa vipimo vya jengo, hesabu mabati. Mawimbi ya bati la kawaida yamepishana kwa inchi 3, yaani milimita 76. Ukuta au paa lenye mawimbi 80 lina urefu wa mita 6.1. Njia hii ni salama kuliko kutumia upana wa reli kama rula, kwa sababu reli iko karibu na kamera na jengo liko nyuma, na kila kilicho nyuma huonekana kidogo.

Tahadhari na picha zilizogeuzwa kushoto-kulia. Kwa injini ya kawaida utagundua mara moja. Garratt ina matangi mbele na nyuma, jicho hudanganyika kwa urahisi. Soma namba na bango la jina. Zisiposomeka, tafuta mlima. Ukisimama kaskazini mwa njia ukatazama kusini, Mombasa iko kushoto, Nairobi kulia, na mlima Sagalla uko mbele yako. Hapo ndipo pa kuchora mandhari ya nyuma. Rangi nayo usiitoe kwenye slaidi za zamani. Zinachakaa na kuvuta kwenye wekundu, na ile damu ya mzee ya injini inageuka kuwa karibu waridi. Linganisha na injini ya makumbusho, ukijua kwamba nayo imepakwa upya.

Wazee waliofanya kazi relini ni hazina, ila ukiuliza "Mzee, Voi ilikuwaje?" utapewa sifa. Mpelekee ramani uliyochora kwa penseli na umuulize: "Ukitoka Mombasa, maji ulijaza upande gani? Treni ya Taveta ilisimama njia ya ngapi?" Atakurekebisha kwa kidole. Waulize wawili kila mmoja peke yake, kwa maana dereva na stesheni masta hawakuangalia uwanja huo kutoka mahali pamoja.

Kisha inakuja kupunguza. Njia ya kupishana yenye mita 600 ingekuwa mita 6.9 kwenye modeli, na ni wachache wenye chumba hicho. Anza na treni: Garratt milimita 365, mabehewa kumi ya futi 40 milimita 1,400, behewa la gadi kama milimita 100. Jumla inakaribia mita 1.9, kwa hiyo mita 2.2 kati ya pointi (mahali njia zinapogawanyika) na pointi zinatosha. Fupisha urefu, lakini usibadilishe mpangilio wa pointi wala upande inakotokea njia ya Taveta. Majengo usiyapunguze, acha mengine nje, kwa mfano onyesha safu moja tu ya landhi (nyumba) za wafanyakazi. Mkunjo wa nyuzi 10, wenye nusu kipenyo cha mita 175, unataka mita 2 kamili. Pale unapoonekana upe angalau mita 1, na mikunjo mikali ifiche nyuma ya mandhari. Mwinuko wa asilimia 1.5 ni milimita 15 kwa kila mita. Ujaribu na treni nzima kabla ya kugundisha.

Mataruma, yaani vipande vya kulalia reli, yalikuwa ya chuma kwa sababu ya mchwa, na ncha zake zilizopinda huzama ndani ya kokoto. Reli nyingi za dukani zina mataruma ya mbao yaliyo wazi. Funika ncha kwa kokoto na upake mataruma rangi ya kutu.

Udongo mwekundu wa Voi ni mzuri kuliko rangi yoyote ya chupa. Uchekeche kwa chujio la chai, uukaange kwenye karai kavu kuua wadudu, kisha upitishe sumaku mara kadhaa mpaka isitoke na kitu. Udongo huo una chembe zenye chuma, na zikibaki zitavutwa na sumaku ya mota na kuikwamisha. Gundi huugiza rangi, kwa hiyo jaribu kwanza kwenye kipande cha mbao, uache ukauke usiku kucha ndipo uamue.